Acheni kuzipandisha cheo njia za trekta

Kinachonikera kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayohaririwa na yeyote, ni watu wanaobadilisha aina ya barabara ili tu ipendeze kwenye ramani. Njia ya shambani hupewa lebo highway=track, lakini mtu anaigeuza kuwa tertiary, yaani barabara ya kawaida ya magari, kwa sababu ramani yake ya milima inaichora kwa vistari vyembamba, na akipunguza ukubwa kidogo inatoweka. Sasa imekuwa nene, inaonekana toka mbali. Sawa, ila data hiyo hiyo inasomwa na programu za kuelekeza njia, nazo zinampeleka mwenye gari dogo moja kwa moja kwenye tope.

Na lebo za kueleza hali halisi zipo! Tracktype ina ngazi tano, kuanzia grade1 ya njia ngumu iliyoshindiliwa hadi grade5 ya udongo laini. Surface inasema kama ni lami, changarawe au mchanga. Hizo hazijazwi kabisa. Kama mchoro haukuridhishi, rekebisha mtindo wa kuchora. Data iache iseme kweli. Kanuni hii ni ya siku nyingi mno kwenye mradi.

Juzi nimeirudisha njia moja kuwa track, nikaandika na sababu. Imeshapandishwa tena, bila maelezo yoyote.