Aliyeondoka na deni la kodi si lazima awe mkwepaji

Barua ilifika nyumbani kwa mama, Chang'ombe hapa Dodoma, ikiwa na jina la mdogo wangu aliyehamia Kanada mwaka 2016. Mama hakuifungua. Aliitia kwenye kopo la biskuti anamotunza risiti za umeme na hati ya kiwanja, na nilipokwenda kumsalimia Jumapili mbili baadaye ndipo akanikabidhi: "Hebu iangalie hii ya mdogo wako, ina muhuri wa serikali." Lilikuwa deni la kodi ya mapato la duka la vifaa vya ujenzi alilolifunga kabla ya kupanda ndege. Ndani yake kulikuwa na miaka ambayo duka lilikuwepo kweli, na miaka ambayo ile fremu ilikwishageuka saluni.

Nilipowasimulia watu, nilisikia majibu mawili. Wengine walisema amekimbia kodi, sasa imemkuta, alipe yote. Wengine wakasema yuko Kanada, watamfanya nini, aipotezee. Yote mawili nimeyatafakari sana, na la kwanza ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linasemwa na watu waadilifu.

Nawaelewa wanaolisema. Muuza mabati aliyebaki hapa mjini amelipa awamu zake nne kila mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba, mauzo yawe mazuri au mabaya. Mwenye ghala la mahindi Kibaigwa naye hivyo hivyo. Hawana pa kukimbilia. Wakisikia mwenzao aliyefunga milango na kuondoka anataka kusikilizwa, wanajiona wao ndio waliokosea kubaki. Sheria nayo haimwachi aliyeondoka kwa sababu tu ya umbali: kamishna wa kodi anaweza kuagiza benki itoe fedha zilizomo kwenye akaunti ya mdaiwa, anaweza kushika mali yake, na anaweza kuiomba Uhamiaji imzuie asitoke nchini. Kwa hiyo wale wanaosema "aipotezee" wanampoteza. Mtu wa ughaibuni leo ananunua kiwanja Iyumbu au Nala, anatuma gari, anataka kujenga arudi kustaafu. Gari halisajiliwi bila TIN, yaani namba ya mlipakodi, na TIN ile ile ndiyo inayobeba deni la zamani.

Kuna pia uvumi kwamba mikataba ya kodi kati ya nchi na nchi inamwondolea mtu deni la huku. Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi kadhaa, Kanada na Uswidi zikiwemo. Marekani na Uingereza hazimo. Mikataba hiyo inahusu kipato kimoja kisitozwe na nchi mbili. Haifuti deni la duka la Dodoma la mwaka 2015. Na mshahara anaolipwa kule, akishakuwa si mkaazi wa kodi wa Tanzania, haudaiwi hapa. Hayo tuyaache.

Ninachotaka tukiangalie kwa utulivu ni namna deni la aina hii linavyokua. Wengi wakiona tarakimu kubwa kwenye barua wanadhani mtu alificha kodi kubwa. Mara nyingi kodi yenyewe ilikuwa ndogo.

Chukua mfano wa kodi ya shilingi milioni 2 iliyobaki mwaka wa mwisho wa biashara. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, riba ya kuchelewa hujumlishwa kwenye deni kila mwezi, na mwezi unaofuata riba inatozwa juu ya riba. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, riba ni asilimia 1 kwa mwezi. Baada ya miaka minane ile milioni 2 imefika karibu milioni 5.2. Hapo hatujagusa adhabu. Mtu binafsi anayetakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake kwa ajili ya kodi, asipowasilisha, adhabu yake kwa mwezi haipungui pointi tano, na sheria ilipoanza pointi moja ilikuwa shilingi 15,000. Hiyo ni 75,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 900,000. Kwa miaka minane ni milioni 7.2, kwa ritani moja tu ambayo haikupelekwa.

Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi kwenye karatasi, nikidhani nimekosea sifuri. Sikukosea. Kodi milioni 2, adhabu milioni 7.2. Mtu anayepokea mshahara wa kusafisha hospitali usiku akiona jumla hiyo, hata ile nia ya kulipa milioni 2 zake inamtoka. Anazima simu. Na kila mwezi anaokaa kimya, 75,000 nyingine inaingia. Adhabu iliyowekwa ili watu waje mapema, kwa aliye mbali inamfanya asije kabisa.

Halafu kuna ile miaka ya saluni. Mfanyabiashara wa Kitanzania anapofunga duka huuza mzigo, hurudisha funguo kwa mwenye fremu, huaga majirani. Kwake biashara imekufa siku hiyo. Kwenye kumbukumbu za kodi haifi mpaka aandike barua ya kufunga. Asipoandika, faili linabaki hai, na pasipo ritani sheria inamruhusu kamishna kukadiria kwa uelewa wake. Makadirio hayo hayatokani na mauzo, maana hakuna mauzo. Kosa la mdogo wangu lilikuwa hilo, na ni kosa kweli: mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, aliiacha juu ya kabati la mama, hakumwambia mtu, hakuandika mstari mmoja. Ila kuacha kuandika barua na kuficha mapato ni mambo mawili, na hayastahili kuitwa jina moja.

Aliyekadiriwa ana siku 30 za kupinga, tangu apewe makadirio. Tena ili pingamizi lipokelewe, anatakiwa kwanza alipe kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kilichokadiriwa, kile kilicho kikubwa, isipokuwa kamishna amsamehe malipo hayo kwa sababu za msingi. Siku 30 kwa mtu wa Area C zinatosha. Kwa barua iliyolala kwenye kopo la biskuti, nusu ilikwisha kabla sijaiona. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria ililifikiria hili: mtu anaweza kuomba aongezewe muda, na kutokuwepo nchini ni mojawapo ya sababu zilizotajwa, sambamba na ugonjwa. Aliyeandika kifungu hicho alijua kwamba kuwa mbali si kukimbia.

Wapo wanaodai msamaha wa jumla urudi, kama ule wa mwaka 2018 uliofuta riba na adhabu kwa asilimia 100 kwa walioomba na kukubali kulipa kodi yenyewe. Siuungi mkono. Msamaha wa namna hiyo haumtenganishi aliyeficha mauzo kwa makusudi na aliyesahau barua, na muuza mabati wangu ana haki ya kuukasirikia. Ninaloliona la haki ni deni lipasuliwe: mwaka ambao duka lilikuwa wazi ulipwe, kwa awamu ikibidi, na riba yake ijadiliwe, mwaka ambao mwenye faili anaweza kuthibitisha kwamba hakuwa na duka wala hakuwa nchini ufutwe pamoja na adhabu zake. Ushahidi upo kwa kila anayeutafuta: muhuri wa kutoka kwenye pasipoti, mkataba wa pango uliokwisha, maelezo ya mpangaji aliyefuata. Na maombi yapokelewe kwa ndugu mwenye barua ya uwakilishi, mtu asilazimike kununua tiketi ya ndege ya bei ya deni lenyewe.

Sisi tulianzia kwa mwenye fremu. Ni mzee sasa, anatembelea mkongojo, lakini daftari lake la wapangaji analo, na jina la mdogo wangu limo pamoja na tarehe ya kurudisha funguo, Agosti 2016, kwa wino wa kijani. Tulipiga nakala, tukaambatanisha na kurasa za pasipoti na ombi la kuongezewa muda. Usiku nikampigia mdogo wangu, nikamsomea deni mwaka kwa mwaka. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. "Dada," akasema, "hiyo ya 2015 ni yangu. Niliuza sana saruji mwaka ule. Omba namba ya malipo, nitatuma kidogo kidogo."