Msituni Twendeni, Ila Bibi Aambiwe

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alinipigia simu baada ya sala ya isha, akanizungusha kwa habari za mvua na bei ya dagaa kwa muda mrefu kabla ya kulitoa lililomleta: "Shangazi, nikiolewa msituni, watu wachache tu, bila kamati wala ukumbi, mtanitenga?" Alinieleza kwamba yeye na mchumba wake, kijana wa Tabora, wamekuwa wakitazama picha za wachumba wa nchi za mbali ambao huondoka wawili na mpiga picha wao, wakaenda kuoana katikati ya miti iliyozeeka, kisha ndugu wakapata habari mambo yalipokwisha. Wakajiuliza kwa nini wao, wenye hifadhi za Gombe na Mahale mlangoni, wakalipie ukumbi wenye viti vya kuvalishwa vitambaa.

Nilimwambia anipe muda. Sasa nimefikiri, na kwa kuwa naona vijana wengi wanauliza swali hilohilo, naona niliandike jibu langu hapa: msitu naukubali, uchache wa watu naukubali zaidi, lakini siri siikubali.

Nianze na uchache, kwa sababu hapo ndipo wazee wenzangu wanaponipinga. Nimekuwa mhazini wa kamati za harusi mara nne hapa Kigoma, na daftari za ahadi bado ninazo. Najua jinsi vikao vya Jumapili vinavyoanza na watu thelathini na kuishia na watano, jinsi mtu aliyeahidi kwa sauti kubwa anavyoacha kupokea simu wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na jinsi fedha nyingi zinavyoishia kwenye ukumbi, mapambo, magari na mshereheshaji, huku wanaooana wakiingia katika nyumba isiyo na godoro la maana. Katika harusi mojawapo mjomba wa bibi harusi, mtu aliyemlipia ada ya shule tangu utoto, alirudishwa mlangoni kwa sababu kadi yake ilikuwa ya mtu mmoja naye alikuja na mkewe. Nilitoka nje kumfuata, nikamkuta amekwisha kupanda bodaboda. Tangu siku hiyo sijawahi kuamini kwamba wingi wa watu ni heshima kwa ndoa.

Wala harusi ndogo si jambo la kuigwa kutoka ng'ambo. Ndoa ya wazazi wangu ilifungwa Ujiji msikitini baada ya alasiri, mbele ya wali, yaani mlezi anayemwoza binti, mashahidi wawili na majirani wachache. Khutba ikasomwa, mahari yakatajwa, bwana harusi akakubali, zikaja halua na kahawa chungu, na kabla ya magharibi kila mmoja alikuwa kwake. Sisemi kwamba hapakuwa na ngoma. Ilikuwapo, tena ilikesha, na mwali alifundwa na somo wake kwa siku nzima. Ninachosema ni kwamba ndoa na ngoma vilikuwa vitu viwili, na aliyekosa uwezo wa ngoma hakuhesabiwa kuwa hajaoa. Ndoa ya bomani nayo, ambayo siku hizi watu huitaja kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu, ni ndoa kamili kwa sheria za nchi hii.

Kinachonitia shaka ni lile jambo la ndugu kupata habari baadaye. Kwa hilo Kiswahili kina neno lake tangu zamani, nalo ni kutoroshana, na kila aliyekulia mikoa hii anajua linavyokwenda. Jioni binti haonekani, mama yake anazunguka kwa majirani akijifanya anatafuta kuku, siku ya tatu wanakuja wazee wa upande wa pili na faini mkononi, na mazungumzo ya mahari yanaanza upya baba akiwa amekwisha kununa. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu: mahari yaliyoshindikana, dini mbili zisizopatana, baba aliyekataa katakata. Kaka yangu hajakataa neno. Nilimwuliza binti yake, "Mwanangu, anayetoroka hutoroka kitu. Wewe unatoroka nini?" Akajibu bila kusita: "Vikao, Shangazi." Nikacheka, kwa sababu jibu lilikuwa la haki, lakini dawa ya vikao ni kuvikataa waziwazi, wala haihitaji kumficha baba.

Sheria yetu yenyewe haipendi ndoa ya siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili au mfungishaji ndoa siku zisizopungua 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema, na inataka mashahidi wasiopungua wawili siku ya kufunga. Kuhusu mahari, sheria hiyo inasema ndoa iliyokamilika kwa mambo mengine haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Lakini kifungu ninachokipenda ni cha 160, kile kinachosema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi hadi wakapata sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tazameni neno hilo, sifa. Hata pale ambapo hapakuwa na sheikh wala padri wala msajili, sheria inakwenda kuwauliza majirani: hawa mliwajua kuwa nani? Mninga hauwezi kuitwa barazani kutoa ushahidi huo, hata uwe na miaka mia mbili.

Na kama mtu ataniambia kwamba msitu ndio mahali pa kwenda kuwa peke yako, nitamkumbusha habari ambayo kila mtoto wa Kigoma ameisikia nusu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, serikali ya kikoloni haikukubali msichana akae peke yake msituni. Alikuja na mama yake mzazi, aliyekaa naye miezi ya mwanzo na kufungua kibanda cha kuwagawia wavuvi dawa. Watu wanamkumbuka binti na sokwe. Mimi namkumbuka mama aliyekaa hemani.

Sasa niuseme msitu wenyewe, maana binti yetu aliutaja kana kwamba ni pazia la nyuma la picha.

Mahale ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, ina kilomita za mraba 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Ukitazama kutoka ziwani unaona msitu ukishuka kutoka mawinguni mpaka mchangani, na sijui mahali pazuri kuliko pale. Hata hivyo wanaoandika kwamba ni msitu usiowahi kuguswa na binadamu wanakosea sana. Watongwe waliishi katika milima ile kwa vizazi vingi, wakalima, wakazika wafu wao, wakaheshimu mizimu ya Nkungwe, hadi walipohamishwa katika zama za vijiji za miaka ya 1970. Kwao mlima ule ulikuwa na adabu zake: hukuweza kwenda bila kuongozwa na mwenyeji, hukupiga kelele, hukucheka ovyo. Kwa hiyo anayetaka kuoa Mahale anaingia katika nyumba ya watu, hata kama wenye nyumba hawapo. Tena ni mbali. Ni zaidi ya kilomita mia moja kusini mwa mji, safari ya boti ya siku nzima kwa maboti ya kawaida, na ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni miguu tu. Kwa wawili wenye nguvu na fedha, sawa. Kwa wali mwenye magoti mabaya, hapana, nami nasema wali lazima awepo.

Gombe ni ndogo na iko karibu, kaskazini mwa mji, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968. Hakuna gari linalofika. Maboti ya abiria huondoka Kibirizi mchana, akina mama wakiwa wamemaliza shughuli za sokoni, na kurudi alfajiri. Lakini watu wa harusi ni afadhali wakodi boti lao na kuondoka asubuhi ziwa likiwa limetulia. Mabonde yake yana msitu mnene wa kijani na michikichi ambayo sokwe hula matunda yake, kama sisi tunavyoyakamua mawese, ila wao hawana subira ya kukamua. Migongo ya vilima ni nyasi na miti iliyotawanyika. Njia ni za kupanda na kushuka, na shela inayoburura chini itarudi ikiwa kipande. Mwezi wa saba au wa nane ndio wakati wake. Kuanzia Novemba mvua huigeuza njia kuwa utelezi.

Jambo ambalo vijana hawalifikirii kabisa ni afya ya sokwe wenyewe. Wanapata magonjwa yetu kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na ugonjwa wa kupooza kama polio, na mwaka 2006 maradhi ya njia ya hewa yaliua sokwe kadhaa wa Mahale, na uchunguzi ukaonyesha virusi vya jamii ya vile vinavyotusumbua sisi kifuani. Ndiyo maana mwenye mafua haruhusiwi kuwaendea, watoto wadogo hawaruhusiwi, barakoa huvaliwa, umbali usiopungua mita kumi huwekwa, chakula hakiliwi mbele yao, na muda wa kuwatazama ni saa moja. Harusi ya kawaida, yenye spika na watoto wakikimbizana na sahani za pilau, haiwezi kukaa pamoja na masharti hayo hata kwa dakika kumi. Nyani wa ufukweni ni jambo jingine tena. Hao hawana haya, na sahani isiyoshikwa kwa mikono miwili ni yao.

Kwa sababu hiyo nilimshauri kwamba nikaha isifungwe mbele ya sokwe wala ndani ya bonde, bali ufukweni, msitu ukiwa mgongoni, mahali ambapo baba yake na sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa wanaweza kufika bila kupanda kilima. Barua ya kuomba kibali iende mapema kwa uongozi wa hifadhi, maana hii si ziara ya kawaida. Maua yasiletwe kutoka mjini na mchele usirushwe. Mbegu na punje za nje hazina kazi kule. Baada ya dua, wawili hao na mwongozaji wapande peke yao hadi maporomoko ya Kakombe, wakasikilizane huko wanavyotaka, na huo ndio utakuwa ule upweke walioutamani. Sioni ubaya wowote katika saa mbili za upweke zinazofuata ushahidi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kuliko hiyo, nayo ni msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga na kusimamia misitu yao, na kando ya ziwa hili vipo vilivyofanya hivyo, hasa baada ya vilima vinavyoizunguka Gombe kunyolewa kwa mashamba na kuni, na mradi wa TACARE kuanza mwaka 1994 kusaidia watu kuotesha miti tena. Msitu wa namna hiyo hauna umaarufu, na baadhi ya miti yake haijaota vizuri, lakini mwenyekiti wa kijiji atakukaribisha mwenyewe, ada ikitozwa itabaki kijijini, na wanawake wa pale watakupikia migebuka kwa mawese bila kukuuliza kadi. Binti yetu hakuvutiwa. Alisema picha hazitapendeza kama za Gombe. Sikubishana naye, harusi ni yake.

Basi mpaka leo hesabu imefika watu kumi na mmoja: wawili wenyewe, sheikh, baba na mama yake, wazazi wa kijana, mashahidi wawili, mimi, na bibi yake, yaani mama yangu. Ndugu wengine watapewa taarifa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo nimejitwika mimi. Nimekwisha kupita nyumba saba, na katika mbili nimenuniwa. Jumapili inayofuata harusi kutakuwa na pilau Ujiji, uani kwa kaka, kila mtu aje na sahani yake kama hataki kungoja.

Jambo moja tu halijaisha. Bibi, ambaye tulidhani atakataa safari, ametuma neno kwamba boti atapanda, na jua atalivumilia, lakini barakoa hatavaa, kwa sababu hajaona mtu aliyekwenda kumwoza mjukuu wake akiwa amefunikwa mdomo. Nimemjibu kwamba ufukweni huenda isihitajike, ila wakitokea sokwe atavaa kama sisi sote. Ameniuliza kama hao sokwe nao wamealikwa.