Wanaume wa visiwani, tujikaushe

Kwetu Zanzibar mwanamme ananukia kuanzia kiunoni kwenda juu. Pita nje ya msikiti wowote siku ya Ijumaa adhuhuri: kanzu zimefukizwa udi, miski iko nyuma ya masikio, kofia imefuliwa ikasimama. Chini ya kiuno haulizwi mtu. Anayejua hali ilivyo huko ni mke, yule yule aliyeifukiza kanzu, na kwa adabu aliyofundwa atanyamaza mpaka achoke.

Na si kwamba sisi ni wachafu. Watu wa hapa tunaoga asubuhi, tunaoga jioni, na kiangazi kikikaza tunaongeza la mchana. Maji tunayapenda. Kasoro yetu ni kwamba tukishajimwagia hatujikaushi, na hili nalisema najua litawaudhi wanaoamini kwamba maji yakishapita kazi imekwisha.

Fuata safari ya mtu mmoja tu. Anakwenda haja ndogo, anajisafisha kwa maji kama alivyofundishwa chuoni alikosoma Kurani, na amefanya vyema kabisa. Halafu anapandisha chupi hapo hapo, maji bado yanamchuruzika mapajani. Atarudia kabla ya adhuhuri, kabla ya alasiri, na kila chai inapomsukuma chooni. Nguo ya ndani haikauki tangu alfajiri hadi isha. Juu yake kuna suruali ya jinzi, na chini yake kiti cha bodaboda kilichoachwa juani Mwanakwerekwe. Fangasi hawana haja ya kitu kingine.

Dawa yake haina gharama. Chukua kitambaa kidogo cha pamba, au tishu, ujipanguse pole pole kabla ya kuvaa, hasa mapajani na nyuma ya korodani, pale ngozi inapolaliana na ngozi. Kitambaa kifuliwe kila siku na kianikwe juani. Kinachokaa wiki nzima nyuma ya mlango wa choo ni ugonjwa wenyewe umetundikwa msumarini.

Jasho linaonewa bure katika habari hii. Likitoka tu, karibu halina harufu. Mwili una tezi za jasho za aina mbili: zilizotapakaa ngozi nzima, zinazotoa maji na chumvi ili tupoe, na nyengine zilizokusanyika zaidi makwapani na kwenye kinena. Hizi za pili huamka mtoto anapobaleghe, na jasho lake lina mafuta na protini. Bakteria wanaoishi juu ya ngozi, ambao kila binadamu anao hata akiwa shekhe, wanalila jasho hilo, na wanachokiacha ndicho kinachonuka. Ndiyo maana mtoto wa miaka 7 hucheza mpira Mnazi Mmoja mpaka magharibi akarudi ananuka vumbi tu, na kaka yake wa miaka 15 hawezi kukaliwa karibu. Marashi hayabadilishi hesabu hiyo. Waliowahi kubanana ndani ya daladala la Bububu saa tisa mchana wanajua udi na kikwapa vikikutana nani hushinda.

Huyo wa miaka 15 ndiye anayenisikitisha. Dada yake ana somo, yaani mwanamke mzima wa kumfunda. Atafundwa kusinga, kufukiza nguo, kuvaa asmini, kujiweka, na atayasikia hayo kwa mtu mzima anayemtazama usoni. Yeye alitahiriwa mdogo, kabla hajajua lolote, kisha ustadhi akamfundisha janaba na namna ya kulioga. Hayo ni ya ibada na yana mahali pake. Lakini kwamba bukta ya jana haivaliwi leo, hata kama haina najisi, nani alimwambia? Baba anadhani ustadhi kashasema, ustadhi anadhani ni kazi ya baba. Mwishowe anaambiwa na wenzake skuli, kwa utani, mbele ya watu.

Akina baba, mnaona haya ya nini? Zamani jambo hili lilijengewa jumba. Hamamni pale Mji Mkongwe, hamamu aliyoijenga Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilikuwa na maji ya moto na ya baridi na mahali pa kunyolea, na watu waliingia humo kujisafisha mwili mzima bila kujificha. Leo tunawapeleka watalii wakapige picha, halafu nyumbani hatuwezi kumwambia kijana wetu habari za kinena chake.

Tohara, kweli, imetupunguzia kazi. Ule utando mweupe unaojikusanya chini ya govi hatuna. Jirani ambaye hakutahiriwa inambidi alivute govi nyuma taratibu, aoshe kwa maji, akaushe, alirudishe, na afanye hivyo kila siku. Lakini tohara haikugusa mapaja wala makalio, na huko ndiko harufu nyingi inakotoka.

Kuhusu nywele, tunazo hadithi zinazojulikana: kunyoa kinena na kuondoa nywele za kwapa ni katika sunna za maumbile, na sahaba Anas bin Malik alisimulia kwamba zisiachwe kupita siku 40. Naona wengi wetu tumeigeuza 40 kuwa miadi, wakati ni ukomo. Mwenye kutoka vipele akinyoa kwa wembe apunguze kwa mkasi au mashine, jasho litapata pa kupita. Na wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu kidogo mno isiyoonekana.

Kuna mambo ya jikoni ambayo ningependa yabaki jikoni. Ndimu kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa inaunguza, na aliyejipaka kwapani kisha akatoka juani anaweza kupata malengelenge na mabaka meusi yasiyoondoka haraka. Mafuta ya karafuu ndiyo fahari ya Pemba, na ni kweli yanaua vijidudu, lakini yakiwa makavu bila kuchanganywa huchoma ngozi laini. Nayaogopa zaidi msimu wa karafuu, vijana wanaposhuka mitini wametota jasho, mapaja yamechubuka, na kuna mtu kambini anayejidai mganga. Shabu kwapani sina ugomvi nayo. Chini, sabuni ya kawaida na maji vinatosha, na sabuni isisuguliwe kwenye kichwa cha uume wala isiachwe bila kusuuzwa vizuri.

Nguo za ndani ziwe za pamba na zisibane. Zile za nailoni zinazong'aa, zinazopangwa kwenye meza za Darajani, zinavutia macho na zinafungia joto. Ukiwa nyumbani vaa msuli bila chochote ndani, hewa ipite. Wazee walikuwa na akili.

Miguu nayo inahusika, ingawa watu hucheka nikisema. Fangasi wa vidole vya miguu mara nyingi ndiye yule yule anayepanda mapajani. Sisi tunatia udhu, miguu mibichi inaingia kwenye viatu, vidole vinamumunyuka, kisha taulo moja linafuta miguu na kupanda juu. Geuza mpango: kausha kinena kwanza, miguu mwisho. Na kama una fangasi vidoleni, vaa soksi kabla ya chupi, ili mguu usiikwaruze ukipita.

Anayetaka ushahidi kwamba kukausha si udekaji awaulize wagonjwa wa matende. Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende na mabusha kwa umma mwaka 2001, lakini aliyekwisha kuvimba mguu hatunzwi kwa vidonge pekee. Anafundishwa kuuosha kila siku kwa sabuni, kisha kukausha kila mkunjo na kila upenyo wa kidole, kwa sababu unyevu hupasua ngozi na kwenye mpasuko bakteria huingia, zikaja homa, maumivu na uvundo. Kama mkunjo wa mguu unahitaji hivyo, mkunjo wa paja nao ni ngozi.

Sasa, kama umeshaanza kuwashwa, na mapajani pana duara lenye kingo nyekundu zinazotambaa, usiende duka la dawa ukaomba "krimu ya kuwashwa". Utapewa ya mchanganyiko, na nyingi ndani yake zina steroidi kali kama clobetasol, dawa inayotuliza muwasho bila kuua fangasi. Itakupoza siku ya kwanza, utaisifu barazani, na fangasi ataendelea kutambaa chini kwa chini huku ngozi ikiwa nyembamba. Taja jina la dawa ya fangasi: clotrimazole, peke yake. Paka mara 2 kwa siku kwenye ngozi iliyokauka, na usiache siku muwasho unapokwisha. Endelea wiki 2 baada ya hapo. Mke akiwa na muwasho naye atibiwe, bila kutafutana ubaya.

Usaha ukitoka, kidonda kikitokea au mkojo ukiunguza, hiyo si habari ya sabuni wala krimu, ni hospitali, na uende pamoja na mwenzako. Na ikiwa uume wenyewe unawasha na kuwa mwekundu, unapona kisha unarudi, unapona unarudi, pima sukari. Sukari ikipanda inatoka na mkojo, fangasi wanaipenda, na kuna wanaume wanaojua kwamba wana kisukari kwa njia hiyo, kabla ya kiu na kabla ya kukonda. Kipimo ni tone moja la damu la kidoleni.