Kiswahili kina wasemaji, Kiafrikaans kina kampuni

Kila ninapopanga foleni kwenye duka kubwa hapa Stellenbosch, Afrika Kusini, macho yangu huishia kwenye rafu ya magazeti iliyo karibu na keshia, na moyo wangu hufurahi na kuuma kwa pamoja. Hapo utakuta Huisgenoot lenye harusi za watu maarufu na mapishi, Landbouweekblad la wakulima, gazeti la Die Burger, riwaya nyembamba za mapenzi na vijitabu vya mafumbo ya maneno. Vyote vimeandikwa kwa Kiafrikaans, na watu huvitia kikapuni pamoja na mkate na maziwa kama jambo la kawaida kabisa. Waliozaliwa na lugha hii ni takriban milioni 7. Sisi tunajivunia kwamba wasemaji wa Kiswahili wamepita milioni 200, na nyinyi mlioko Dar es Salaam na Mombasa mnajua wenyewe rafu zetu zina nini.

Najua nitakachoambiwa: huyu amekwenda kwa Makaburu, amelewa ugeni, sasa anatudharau. Siwadharau. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoipenda, na uchungu nilio nao ni wa mtu wa nyumbani. Lakini nimeifuatilia historia ya kampuni iliyozaa majarida hayo, nami siwezi kunyamaza.

Nasionale Pers, ambayo leo inaitwa Naspers, ilianzishwa hapa jimbo la Rasi (Cape) mwaka 1915, mwaka mmoja baada ya baadhi ya Makaburu kuasi kwa kupinga kuingizwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Uingereza, wakashindwa. Lugha ya nyumbani mwao ilidharauliwa kuwa lugha ya jikoni. Mtu aliyetaka kuheshimiwa aliandika Kiholanzi au Kiingereza. Wakachanga fedha zao wenyewe na kuuza hisa, huku tajiri mmoja wa Stellenbosch, Jannie Marais, akitangulia mbele. Mwezi Julai mwaka huohuo likatoka gazeti la De Burger, mhariri wake akiwa mchungaji D. F. Malan. Gazeti la siasa kila mtu anaweza kulitarajia. Kinachonishangaza mimi ni kilichofuata: mwaka 1916 wakaanzisha jarida la familia, De Huisgenoot, na mwaka 1919 jarida la wakulima. Gazeti lilianza kwa Kiholanzi likageuka polepole, hata jina likawa Die Burger mwaka 1922, ilhali Bunge lilikipa Kiafrikaans hadhi ya lugha rasmi mwaka 1925. Kampuni ilitangulia, sheria ikafuata.

Hapa ndipo mkosoaji wangu wa pili anaponyanyua mkono: lugha hiyo ilibebwa na ubaguzi wa rangi. Ni kweli, na sitaifunika kweli hiyo. Malan yule yule aliyekuwa mhariri ndiye aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1948, na Die Burger lilikuwa sauti ya chama chake, National Party, kwa miongo mingi. Mwaka 1976 watoto wa Soweto walipigwa risasi kwa kukataa kulazimishwa kusoma kwa lugha hii. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoketi kuchunguza maovu ya enzi hiyo ya ubaguzi, kampuni haikutaka kukiri sehemu yake. Mwaka 1997 waandishi wake zaidi ya 100 wakapeleka maelezo yao binafsi, na radhi ya wazi ya tawi lake la magazeti ilisubiri hadi mwaka 2015. Tena zaidi ya nusu ya wasemaji wa Kiafrikaans si weupe. Waislamu wa Cape Town walikiandika kwa herufi za Kiarabu katika karne ya 19, kama wazee wetu wa Lamu walivyoandika tenzi zao, lakini kampuni ilijiendesha kwa miaka mingi kana kwamba watu hao hawapo. Dhambi hiyo ni kubwa, na sitaki hata chembe yake ivuke kuja kwetu.

Ila tusijifiche nyuma ya dhambi ya mwenzetu. Chama hicho cha Makaburu kilishika serikali kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Jarida la familia na la wakulima yalikuwa yamekwisha kusimama kwa fedha za wanahisa na wasomaji. Na sisi je, dola haikutubeba? Tulikuwa na Rais aliyemtafsiri Shakespeare kwa mkono wake, tukapata shirika la vitabu la Tanzania Publishing House mwaka 1966 na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na shule zetu za msingi za serikali zikafundisha kwa Kiswahili. Tulibebwa vizuri sana. Tulipotuliwa chini, hatukuwa na kampuni. Rafiki yangu alipeleka muswada wa riwaya kwa mchapishaji mmoja huko nyumbani, akajibiwa kwamba arudi siku kitabu kitakapoingia kwenye mtaala. Huo ndio ugonjwa wetu: msomaji tunayemjua ni mwanafunzi anayelazimishwa.

Na nyumba hii iliyoanzia kwenye gazeti la mkoa mmoja, mwaka 1984 ililinunua jarida la Drum, ambalo wazee wetu walilisoma katika toleo la Afrika Mashariki. Katika miaka ya themanini ikashiriki kuanzisha M-Net, televisheni ya kulipia, na humo ndimo ilimotoka DStv mnayoilipia kila mwezi. Mwaka 2001 ikaweka takriban dola milioni 32 katika kampuni changa ya Kichina iitwayo Tencent; mwaka 2018 iliuza asilimia 2 tu ya Tencent kwa dola bilioni 9.8. Mtasema ni bahati. Bahati ilikuwepo, lakini iliwakuta na mtaji.

Msiniambie kwamba Waswahili hawasomi. Binamu yangu analima viazi Njombe, na ujumbe wowote wa WhatsApp kuhusu ukungu wa majani huusoma mpaka mwisho, wa kweli na wa uongo, kisha huusambaza kwa kijiji kizima. Angelipia jarida linalomweleza dawa ipi, kipimo gani, na bei ya gunia sokoni wiki hii. Matajiri wetu wana timu za mpira na vituo vya redio. Ninayemtafuta ni yule atakayeweka fedha zake kwenye jarida la viazi.