Tunawaua kabla hatujawajua

Wiki iliyopita nilikuwa natoa makumbi uani, mpwa wangu akapiga ukelele: "Mjomba, nyoka!" Sijainua hata mgongo, jirani keshafika na mchi. Mapigo mawili, kwisha. Aliyelala pale hakufika urefu wa mkono wangu, mwembamba kuliko kidole, kichwa kimepondwa hata hatambuliki tena ni nyoka gani. Nilimshukuru jirani, maana alikuja kwa nia njema. Lakini roho iliniuma, na bado inaniuma.

Hapa Pemba tuna nyoka mmoja mdogo ambaye Unguja hayupo, bara hayupo, wala kwengine kokote duniani. Wataalamu wanamwita Lycophidion pembanum, jina la kisiwa chetu limo ndani ya jina lake. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Hutoka usiku kutafuta mijusi, na meno yake ya mbele ni marefu, ya kuwakamatia wale wenye ngozi nyororo inayoteleza. Huyu aliyeuliwa uani kwangu labda ndiye, labda siye. Mchi haukutupa nafasi ya kumtazama.

Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyo ana haki yake. Ila wengi wetu hatujaumwa hata siku moja. Tumerithi woga, na tunawarithisha watoto kabla hawajajua kusoma.

Sisemi nyoka wote ni wa kuchezea. Wapo wenye sumu kali, na kwa kuwa mimi na wewe hatuwezi kuwatofautisha wote, usimshike yeyote. Rudi nyuma, mpe njia, atakwenda zake. Usiku toka na tochi na viatu. Na mtu akiumwa, msimchanje, msimnyonye sumu, msimfunge kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, akimbizwe hospitali. Wangapi wanaumwa kwa sababu wamemfuata nyoka kumpiga! Umbali ule uliotaka kuufuta kwa fimbo ndio uliokuwa ukikulinda.

Mwenye mpunga ndani anamjua panya. Mwenye minazi pia anamjua, kila akiokota kidaka kilichotobolewa. Paka humsubiri panya nje ya tundu, lakini nyoka mwembamba huingia mpaka ndani na kuwamaliza watoto hukohuko. Tukishamuua tunakwenda dukani kununua sumu ya panya, na sumu hiyo anakuja kuila kuku wetu.

Marehemu bibi yangu akimwona nyoka ndani ya nyumba husimama mlangoni na kumwambia: "Toka kwa salama, usitudhuru nasi tusikudhuru." Mara tatu. Ndivyo alivyofundishwa na dini yake, kwamba nyoka wa majumbani huonywa kwanza. Nikiwa mdogo nilidhani ni maneno tu. Sasa naona katika muda ule wa kusema mara tatu, nyoka alikuwa keshapata pa kupita, na sisi watoto tulikuwa tumesharudi nyuma. Hajaumwa mtu nyumbani mle.

Na Wapemba tunaweza kubadilika, nina ushahidi wa popo. Tuliwawinda na kuwala mpaka mwaka 1996 popo wa Pemba akawekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Vijiji vikaamua kuwalinda. Leo nenda Kidike mchana uwaone wananing'inia juu ya miti, wekundu kama udongo wa njiani, wanapepea mbawa kwa joto. Idadi yao imerudi kuwa maelfu kwa maelfu. Kama tumemsamehe popo, anayekula maembe yetu, nyoka ametukosea nini?

Juzi tulirudi kwenye yale makumbi, mimi na mpwa wangu. Chini kabisa tukakuta gamba, limevuliwa zima kama soksi iliyopinduliwa. Alisita, kisha akalichukua kwa ncha za vidole. Nikamwonyesha palipokuwa na macho: nyoka hana kope, ana kigamba kinachopitisha mwanga juu ya kila jicho, nacho hukivua pamoja na ngozi. Akaliinua gamba mpaka usawa wa uso wake, akachungulia jua kupitia pale pale.

"Mjomba," akaniuliza, "mwenyewe bado yumo humu?"

Nikamwambia huenda yumo. Tukayarudisha makumbi taratibu, moja moja.