Jarida lenye jina kubwa si hakikisho

Watafiti wanaoanza hupewa kanuni moja: tegemea majarida ya kitaaluma, achana na Wikipedia. Kanuni hiyo ina msingi. Kwa kawaida makala ya jarida hupitiwa na wataalamu wawili au watatu wa fani husika, na mwandishi hulazimika kueleza mbinu zake ili wengine wazipime.

Tatizo ni kwamba wahakiki husoma muswada. Data ghafi mara nyingi hawaioni. Mwaka 1998 The Lancet, jarida maarufu la tiba, ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, kwa kuangalia watoto 12 tu. Ilifutwa Februari 2010, madhara yakiwa yameshaenea. Mei 2020 jarida hilohilo lilitoa utafiti kuhusu hydroxychloroquine, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wa UVIKO-19, uliotegemea data za kampuni ya Surgisphere. Wakaguzi huru waliponyimwa data kamili, utafiti ukafutwa ndani ya wiki mbili.

Makala iliyofutwa huendelea kuzunguka, kwa sababu PDF uliyopakua zamani haijisahihishi. Kabla ya kunukuu, fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida utafute tangazo la kufutwa au kusahihishwa. Kisha soma sehemu ya mbinu: washiriki wangapi, walichaguliwaje, nani alilipia. Muhtasari pekee hautakuonyesha udhaifu huo.

Wikipedia nayo isidharauliwe. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi: Wikipedia ilikuwa na wastani wa makosa manne kwa makala, ensaiklopidia ya Britannica matatu, ingawa Britannica ilipinga vikali ulinganisho huo. Hata hivyo mimi singeinukuu. Ningefuata tanbihi zake hadi chanzo cha awali. Kuna mtego hapa: gazeti huchukua dai lisilo na chanzo kutoka Wikipedia, kisha gazeti hilo huwekwa kuwa tanbihi ya dai lilelile. Fungua historia ya ukurasa. Dai likiwa limeingia kabla ya gazeti kuchapishwa, litilie shaka. Na tovuti kumi zinazonukuu ripoti moja ni chanzo kimoja.

Wanaotetea kanuni ya majarida watasema ukaguzi huu unakula muda, na ni kweli: hakuna awezaye kuchimbua marejeo 60 namna hii. Basi anza na madai matatu au manne ambayo yakianguka, hitimisho lako linaanguka nayo.