Nani Anayelinda Mlango wa Choo?

Tangu Mahakama ya Juu ya Uingereza iamue, tarehe 16 Aprili 2025, kwamba mwanamke anayetajwa katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ni yule aliyezaliwa mwanamke, hapa London mabishano kuhusu choo anachostahili kuingia mtu aliyebadili jinsia hayajapoa. Jamaa wa Nairobi wakinipigia simu huniuliza ni wazimu gani huo, kana kwamba sisi hatuna suala hilo. Tunalo, anayetofautiana ni mlinzi wa mlango tu.

Kwenye vyoo vya kulipia katikati ya jiji la Nairobi, mhudumu hupokea sarafu, hukukatia tishu na kukuelekeza upande wako baada ya kukutazama mara moja. Kitambulisho haulizi. Mwanamke aliyezaliwa mwanamume asipomridhisha, kesi yake huamuliwa papo hapo na walio kwenye foleni, na umati wa Nairobi tunaujua. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliagiza Baraza la Mitihani limbadilishie Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, jina kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuondoa alama ya jinsia. Niliifurahia hukumu hiyo, lakini cheti hakisomwi msalani.

Wanawake wanaotaka mahali pao wenyewe siwabezi. Aliye katika hedhi ana haki ya kujisafisha bila mwanamume asiyemjua kusimama kando yake kwenye sinki. Hata hivyo, wengi wetu tulilelewa katika mitaa ya Nairobi kama Kayole na Umoja kwa choo cha ploti, kilichotumiwa na baba, mama na kijana wa chumba cha mwisho, kila mmoja kwa zamu na ndoo yake, komeo likiwa ndani. Tuligombana juu ya nani hakumwaga maji, jinsia haikutajwa.

Ndiyo maana kinachonivutia zaidi huku ni kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika England tarehe 1 Oktoba 2024. Zinataka majengo mapya yasiyo ya makazi yawe na vyoo tofauti vya wanaume na wanawake, na kuruhusu, nafasi ikiwapo, vyumba kamili vya mtu mmoja vyenye choo na sinki humo humo. Kaunti ya Nairobi ikijenga vyoo vipya kwenye stendi za matatu, iweke viwili vitatu vya namna hiyo karibu na mhudumu, kwa bei ile ile; vitamfaa pia baba aliyeandamana na binti yake mdogo, na watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume kikamilifu, ambao Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019.